Kijumba Kwenye Kiwanja cha Zahanati

Niseme mapema: mimi ni Msabato. Ugomvi huu ulikuwa wa Wakatoliki, Waislamu na watu wa mizimu, na sisi Wasabato wa Isembelo, ambao tukikusanywa wote hatujazi mabenchi mawili, tulikaa pembeni tukitazama. Ndiyo maana nadhani naweza kuusimulia bila kumpendelea mtu, isipokuwa Mama Festo, ambaye nampendelea waziwazi na sitaki kuulizwa.

Mama Festo ni Rosemary Mihayo, mwenyekiti wa kijiji chetu. Isembelo ipo kati ya Ushirombo na Katoro, ndani kidogo ukiiacha lami. Ukimkuta njiani bila kumjua utadhani ni mama anayewahi mnadani: kanga mbili, ndala, simu kaifunga kwenye pindo. Anaongea kwa sauti ya chini, na akishaongea amemaliza. Wanaume wengi wa hapa hawakumchagua kwa sababu walimpenda. Walichoka kubishana naye.

Aligombea kwa neno moja tu, zahanati. Kwenye kampeni alikuwa na kisa chake. Akiwa bibi harusi mpya alikwenda na mumewe Ushetu kulima tumbaku. Uchungu ukamkuta shambani, baiskeli ya kumpeleka hospitali ikapasuka tairi, akajifungulia ndani ya bani, tumbaku inayokaushwa ikining'inia juu ya kichwa chake. Festo akatoka ananuka moshi, na mpaka leo vijana wenzake wanamwita Sigara. Mama Festo akifika hapo watu hucheka, naye huwaacha wacheke mpaka waridhike. Kisha husema, "Mwenzangu wa bani la jirani, yeye hakutoka." Hapo huwa hakuna anayecheka tena, na mimi kura yangu alikwisha kuipata.

Utaratibu wa zahanati za vijijini unajulikana. Wananchi mnajenga boma kwa nguvu zenu, yaani kuta mpaka juu na kifusi cha sakafu, halafu serikali inapaua na kuleta muuguzi. Boma lisipokwisha, bati haziji. Kwa hiyo kwanza tulihitaji kiwanja, na kiwanja kizuri kuliko vyote, pale njia panda, kilikuwa shamba la baba yake mwenyewe, Mzee Mihayo.

Mzee Mihayo nahitaji kumweleza vizuri, maana watu humkosea. Watoto wake wote wamebatizwa, yeye hajabatizwa. Padre mmoja wa zamani alimfuata miaka nenda rudi mpaka akachoka yeye Padre. "Watoto nimekupa wote," Mzee alimwambia. "Mimi niachie wazee wangu. Nikiondoka na mimi, watabaki na nani?" Basi akabaki nao. Pale kwenye kona ya shamba lake la njia panda palikuwa na kijumba cha nyasi, kimo chake hakifiki kiunoni, kijumba cha masamva, yaani wazee waliotangulia. Ndani yake mlikuwa na jiwe moja na chungu kidogo. Mzee alikuwa akienda pale na unga kidogo na pombe kidogo, anachuchumaa, anaongea nao kwa Kisukuma, anarudi nyumbani. Wakatoliki wakienda misa walikipita kile kijumba kama mtu anavyopita kichuguu, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Binti yake alipokwenda kumwomba shamba, Mzee hakufikiri sana. Alisema, "Chukueni. Sidai hata mbuzi. Ila pale pa kijumba msipaguse."

"Hapataguswa, Baba," alijibu Rosemary, na akapeana naye mkono kwa mikono miwili.

Hilo ndilo neno lake la kwanza katika habari hii, na ndilo lililokuja kumkaba.

Fundi alikuwa Ansgar. Ukitaka kujua Ansgar amejenga nini, panda pikipiki uzunguke Bukombe yote ukahesabu vigango, yale makanisa madogo ambayo Padre huyafikia mara moja moja. Karibu vyote ni mkono wake. Nyumba za watu hakuzipenda, alisema wenye nyumba hubadili mawazo katikati ya ukuta. Sisi tulimchukua kwa sababu kuta zake hazipindi na hanywi akiwa juu ya jukwaa.

Kazi ilikwenda vizuri. Wanawake walibeba mawe, wenye ng'ombe walileta mchanga, na watu wa ng'ambo ya kijito walileta maji kwa mikokoteni. Ng'ambo ni kitongoji cha Waislamu, Wasumbwa wengi wao, na wafugaji wachache ambao hawana dini ya kitabu. Maji ya kujengea yote yalitoka kwao, maana kisima cha upande wetu kiangazi hutoa matope. Aliyewaongoza akina mama wa ng'ambo ni Bi Siwema, mjumbe wa serikali ya kijiji, mwanamke ambaye akikusalimia unajikagua kama umevaa vizuri.

Kuta zilipovuka lenta, habari zikaja kwamba Nyarugusu kuna duara, shimo la wachimbaji, limetema dhahabu. Asubuhi iliyofuata vibarua wote walikuwa wameondoka. Hata aliyekuwa akichanganya udongo aliacha koleo limesimama ndani ya udongo. Ansgar akabaki peke yake na mwiko wake. Sisi wengine tulikuwa mashambani tukiandaa msimu, na yeye akapandisha ule ukuta wa pembetatu wa mbele, unaobeba paa, akiwa juu ya jukwaa lililozungushiwa maturubai kwa ajili ya jua.

Jukwaa lilishushwa Jumapili, watu wakitoka misani. Na pale juu kabisa, kwenye ukuta wa mbele wa zahanati ya serikali ya kijiji, matundu ya hewa yalikuwa yamepangwa msalaba. Msalaba mkubwa, uliokaa sawasawa, ukingo wake umepigwa sementi ukalainika. Ukisimama njia panda ulikuwa unaona anga kupitia ndani yake. Ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo.

Akina mama wa jumuiya walipiga vigelegele. Mwalimu Edward, katekista wa kigango cha hapa kijijini, alivua kofia akasema, "Hatukuomba. Tumepewa." Edward ni mtu mwema, wa kuja kukuzikia mtu wako hata mvua inyeshe, lakini akishaona mkono wa Mungu mahali huwezi kumwonyesha mkono wa fundi.

Jumatatu mikokoteni ya maji haikuja. Jumanne pia haikuja.

Mama Festo alivuka kijito kwa miguu akamkuta Bi Siwema anapepeta mpunga. Walisalimiana kama kawaida, wakaulizana watoto, wakaulizana mifugo. Kisha Mama Festo akauliza kuhusu maji.

"Maji yapo, dada," alisema Bi Siwema bila kuacha kupepeta. "Ng'ombe wapo. Watu ndio wanauliza maswali."

"Wanauliza nini?"

"Mimi siuogopi msalaba, Mwenyekiti. Nimeishi na nyinyi, nimepika kwenye misiba yenu. Lakini siku uliyokuja kutuomba tubebe mawe ulisema ni zahanati. Hukusema ni kigango. Mkwe wangu akienda pale kujifungua, ataingia kwa nani? Kwa serikali au kwa Padre?"

Mama Festo aliniambia baadaye kwamba kilichomuuma ni kwamba yeye mwenyewe, Jumapili ile, alikuwa amepiga kigelegele.

Akatoka pale moja kwa moja mpaka kwa Ansgar. Alimkuta amekaa juu ya matofali anakunywa uji. Ansgar hakujitetea kwa ujanja wowote.

"Sikukusudia," alisema. "Mkono huu ukifika pale juu hauniulizi. Nilishtuka nimeshaweka nusu. Nikasema, sasa ninaubomoaje? Nani anabomoa msalaba?"

"Wewe," alisema Mama Festo. "Utoe, uache matundu ya kawaida."

"Mama Festo, nimejenga maisha yangu yote, sijawahi kuushusha." Akaweka kikombe chini. "Mkutano ukiamua nitautoa. Amri ya mtu mmoja sitautolea."

Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa Jumatano. Mvua za kwanza hapa kwetu huja Oktoba, na Septemba ilikuwa inakwisha. Kuta zile zilikuwa za tofali za kuchoma zilizoshikwa na udongo, kwa hiyo mvua kubwa ikizikuta bila paa, tungeanza upya. Kila aliyekuja mkutanoni alilijua hilo, na kila upande ulitegemea upande wa pili uogope kwanza.

Ukafunguliwa kwa sala, kama mikutano yetu yote: Edward akaomba kwa upande wa Wakristo, mzee mmoja wa ng'ambo akasoma dua. Watu wa mizimu hawapewi nafasi ya kuomba na hawajawahi kuidai. Mzee Mihayo mwenyewe hakuwepo, mgongo ulikuwa unamsumbua.

Mama Festo alisimama akasema kwa kifupi. Zahanati ni ya serikali ya kijiji, serikali haina dini, wenye dini ni sisi. Msalaba utoke.

Kelele zikaanza. Mtendaji wetu, kijana wa kuajiriwa aliyekuwa na mwezi mmoja hapa kijijini, akapendekeza jambo lipelekwe wilayani, na hakuna aliyemsikiliza. Edward akaomba nafasi.

"Mwenyekiti, naheshimu. Lakini nauliza, mkutano huu huu wa serikali tumeufungua kwa sala. Sala ya nini kama serikali haina dini?"

"Sala ikishasemwa imekwisha, Mwalimu," alijibu Mama Festo. "Anayetaka aitike amina, asiyetaka anyamaze, tunaendelea na ajenda. Sementi haiishi. Ile itamsemea kila mgonjwa atakayeingia pale, mpaka wajukuu zetu, apende asipende."

Watu wa ng'ambo wakapiga makofi. Edward akasubiri makofi yaishe, na hapo ndipo nilipoona kwamba swali la sala lilikuwa la kupima kina tu.

"Sawa," alisema. "Msalaba utoke. Na kile kijumba cha baba yako, Mwenyekiti, nacho ni cha serikali?"

Kijumba kilikuwa ndani ya kiwanja, tena kwenye kona ambayo ramani ya wilaya iliweka banda la akina mama wajawazito. Sote tulikuwa tumekipita kila siku tukiwa na mawe kichwani, na hakuna aliyewahi kukiona. Ansgar alitazama chini. Bi Siwema alimtazama Mama Festo.

Mtu mwingine angeomba muda akashauriane. Mimi ningeomba muda. Mama Festo alisimama akiwa ameshika pindo la kanga, na ninajua alichokuwa anakiona, maana aliniambia: alikuwa anaona mkono wa baba yake ndani ya mikono yake miwili.

"Nacho kitatoka," alisema.

Ansgar akainua kichwa. "Siku kijumba kitakapotoka, nami nitaushusha msalaba," alisema. "Siku hiyohiyo. Siyo kabla."

Mkutano ukafungwa hivyo. Watu waliondoka wawili wawili wakinong'ona, na wengi waliamini kwamba mambo yameishia pale, kwamba kijumba kitabaki, msalaba utabaki, na zahanati italoweshwa na mvua.

Asubuhi yake Mama Festo alikwenda kwa baba yake. Alipiga magoti kama mabinti wa Kisukuma wanavyowasalimia wazee, akasema mwangaluka, Mzee akaitika. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Habari zilikuwa zimekwisha kumfikia, kwa maana katika kijiji chetu habari hazilali nje.

"Nilikupa shamba," alisema Mzee bila kuinua macho. "Nikabakiza mahali pa kukaa mbuzi mmoja. Na hapo mmepataka?"

"Baba, sikuja kuomba. Ningekuwa nakudanganya. Nimeshasema mbele za watu."

"Na mbele yangu ulisema nini?"

"Nilisema hapataguswa."

"Basi una maneno mawili."

Rosemary alibaki amepiga magoti. Mzee aliendelea kuchonga mpaka mpini ukawa mwembamba kuliko inavyotakiwa, akaukagua, akautupa kando.

"Kijumba huhama," alisema hatimaye. "Watu wetu walikuwa wakihama wanahama na wazee wao. Ila hakihamishwi na kibarua. Huhamishwa na damu yake, kwa mkono na kwa mdomo. Inabidi waambiwe wanakwenda wapi, watajwe majina. Mimi mgongo huu hauinami tena kunyanyua jiwe. Kaka yako mkubwa ni mzee wa kanisa Kahama, mdogo wako ukimwambia masamva anacheka. Nani atanyanyua?"

"Nilidhani utamtafuta mtu."

"Nimeshamtafuta. Amepiga magoti hapa."

Ninyi msioishi huku mnaweza kuona ni jambo dogo, kubeba jiwe na kusema majina. Siyo dogo. Rosemary alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke anayesoma somo la pili kila mwezi kanisani. Mkatoliki akionekana anafanya tambiko anaitwa, anaweza kusimamishwa kupokea komunyo, na jina lake linatembea kwenye parokia nzima. Edward alilijua hilo. Sisemi aliuliza swali lake kwa sababu hiyo, ila alilijua. Mama Festo angeweza kuivunja ahadi aliyompa baba yake kwa jembe tu, kwa dakika chache, kijumba chenyewe ni nyasi. Au angeweza kuivunja ahadi ya mkutano. Hakutaka kuivunja hata moja, na njia iliyobaki ilipita katikati ya dini yake.

Alikuja kwangu jioni ile. Mimi nina duka la pembejeo hapo njia panda, na mlango wangu unatazamana na kile kiwanja. Alikaa kwenye gunia la mbolea. Aliniambia wazi kwamba anaogopa, na sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo.

"Wewe ungefanyaje?" aliniuliza.

"Mimi ningejiuzulu," nilisema, na nilikuwa nasema kweli.

Alicheka, na nadhani kicheko kile kilimsaidia kuliko ushauri wowote ambao ningeweza kumpa. "Kesho uje usimame pale," alisema. "Wewe huna upande. Watu wakisimulia uongo, uwakatalie."

Basi nilikuwepo. Alichagua saa ambayo watu wote wako njiani, wa shule, wa mashamba, wa Katoro. Mimi nilitegemea afanye alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri. Yeye alisema kitu kikifanywa gizani kesho kitasimuliwa kwa kutiwa chumvi. Mzee Mihayo aliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe akakalishwa kwenye kigoda. Ansgar alikuwa ameshafunga jukwaa, amekaa juu yake na tindo na nyundo, hafanyi kitu. Bi Siwema alisimama upande wa barabara na wenzake. Edward alikuwa na baiskeli yake.

Mama Festo aliezua nyasi, akang'oa vijiti kimoja kimoja akavipanga, akavifunga kwa kamba. Likabaki jiwe na chungu. Baba yake akampa unga wa mtama kiganjani na kumwambia la kusema, kipande kwa kipande, kwa Kisukuma. Naye akasema, kwa sauti yake ileile ya mikutano, wala hakuipunguza. Aliwaambia wazee kwamba wanahamia nyumbani kwa mtoto wao, kwamba hawafukuzwi, kwamba hapa panajengwa nyumba ya watu wote na kila mtu anaacha vyake nje. Akaanza majina. Babu, baba wa babu, na wa nyuma yao. Kila jina Mzee analitaja, naye analirudia na kunyunyiza unga.

"Nkamba," alisema Mzee mwishoni.

"Nkamba," alirudia, akanyunyiza. Kisha akageuka. "Baba, Nkamba ni nani? Bibi si Minza?"

"Minza alinilea. Nkamba alinizaa."

Akanyoosha fimbo yake kuelekea lile jiwe.

"Hapa. Walikuwa wanampeleka kwa mkunga, njia ikamshinda. Wakamlaza kwenye kivuli cha mtama. Mimi nikatoka, yeye akabaki. Hilo jiwe ndilo walilomwekea kichwa." Alikuwa anaongea kama mtu anayeonyesha mpaka wa shamba. "Wewe ulidhani nilitoa shamba kwa ajili ya kampeni zako?"

Mama Festo alikaa chini. Siyo kupiga magoti, alikaa, miguu mbele, juu ya udongo, mwenyekiti wa kijiji, watu wote wakimtazama. Alilia bila kujificha. Wanawake wa upande wetu walimwendea, na wa ng'ambo nao, Bi Siwema akiwa wa kwanza kwa sababu alikuwa karibu. Mimi nilitazama barabarani, maana nina macho mabaya na vumbi lilikuwa jingi.

Alipoinuka aliizungusha kanga yake ikawa ngata, akaiweka kichwani, na Bi Siwema akamtwisha jiwe. Chungu alikishika mkononi. Alitoka kiwanjani akashika barabara, akapita mbele ya kigango chenyewe, akapita mbele ya Edward.

"Mwalimu," alimwambia bila kusimama, "Padre yupo Ushirombo mpaka Jumamosi. Ukitaka kunishtaki usichelewe."

Edward alisogeza baiskeli ampishe.

Hapo nyuma yetu tukasikia nyundo ya kwanza. Ansgar alikuwa ameanza juu, anagonga polepole, anatoa tofali moja moja na kulishusha kwa kamba badala ya kuliangusha. Hakuna tofali lililovunjika. Mpaka jioni palikuwa na matundu ya kawaida, mstari mmoja ulionyooka, na mikokoteni ya maji ilikuwa imerudi. Yale matofali Edward aliyachukua yote akaenda kuyatumia kwenye kigango, na hilo halikumkera mtu. Bati zilikuja wiki ya pili ya Oktoba. Mvua ya kwanza kubwa tuliipokea tukiwa ndani, tumesimama kwenye sakafu isiyopigwa sementi, tunasikiliza kelele zake juu ya paa kama watu waliokuja kuangalia televisheni.

Edward alimshtaki kweli, na sitamlaumu, ndiyo kazi yake. Padre akamwita Mama Festo parokiani. Padre huyu si yule wa zamani, ni kijana, mtu wa Ngara, na alikuwa mkali mwanzoni.

"Nimeambiwa ulifanya tambiko hadharani. Ulibeba nini?"

"Nilimbeba bibi yangu, Padre," alisema Mama Festo. "Alifia pale akimzaa baba. Nilikuwa simjui."

Padre akampa kitubio chake, ambacho hakuniambia na mimi sikuuliza, na akamwambia asirudie. Mama Festo akasema hakuna la kurudia, kwa sababu bibi ameshafika. Alipokuwa anaondoka, Padre akamwita tena mlangoni. Akamwuliza jina la huyo bibi, ili Novemba amtaje kwenye misa ya marehemu.

Akarudi na habari hiyo mpaka kwa baba yake. Mzee alikuwa amekaa uani, kijumba kipya kikiwa mkono wake wa kushoto, nyasi zake bado mbichi. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri.

"Mwambie wabeja," alisema, yaani asante. "Ila amtaje kwa Kisukuma. Kiswahili hakukijua."